Ugonjwa wa Shibe

1

Mtoto wa kwanza kufa alikufa akitabasamu, na hilo lilimtia Atuganile hofu kuliko kifo chenyewe.

Alikuwa binti wa Ambokile, dereva wa lori la majani ya chai. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati la kituo cha afya kama ilivyozoea, bila haraka na bila dalili ya kukoma. Muuguzi alimpelekea mtoto kikombe cha uji wa ulezi. Mtoto alikitazama kwa upole, akasema, "Ahsante shangazi, nimeshiba," akalaza shavu kwenye mto. Muuguzi alipogeuka kumvutia blanketi, alikuwa amekwenda. Mbavu zake zilionekana juu ya nguo.

Ambokile hakupiga yowe. Alimshika Atuganile kwenye mkono wa koti lake jeupe, akakikunja kidogo kitambaa kile vidoleni.

"Mama Lugano, wewe ndiye unayeangalia matumbo yetu kwenye mashine. Niambie. Mtoto gani anakufa njaa huku anasema ameshiba?"

"Bado tunatafuta, baba Gwamaka."

"Basi tafuteni upesi. Huyu naye ameanza kunirudishia sahani."

Alimwonyesha mwanawe wa pili kwa kidevu. Gwamaka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha dada yake, mikono juu ya magoti, ametulia kama mtoto anayesubiri kupigwa picha. Wodi nzima ilikuwa hivyo. Vitanda vilijaa watoto, na hakuna aliyelia. Mtu aliyepita nje ya dirisha angedhani chumba kile ni kitupu.

Kusema kweli Atuganile alikuwa hatafuti tena. Alikuwa amekwisha kuona, na alikuwa hajapata moyo wa kutamka.

Kila tumbo la upande huu wa mto Mbaka lilikuwa limepandwa Mbegu. Ndivyo watu walivyonusurika. Miaka ya Mkamuo, ugonjwa ule wa kuhara uliwakamua watu kama nguo mtoni, ukoo mzima ukalazwa kabla jua halijazama, na dawa za zamani zote zilikuwa zimekwisha nguvu. Waliosalia walifagiwa matumbo, kisha wakapandwa jamii mpya ya bakteria iliyoundwa maabara. Wako waliotengeneza vitamini, wako waliolinda ukuta wa utumbo, wako waliomzuia kijidudu cha Mkamuo asipate pa kukaa. Tangu hapo mtoto alidondoshewa tone la Mbegu mdomoni kabla hajaonja ziwa la mama yake. Kuhara kukawa habari ya wazee. Ugonjwa wa sukari ukapungua hata kliniki zake zikageuzwa madarasa. Na miongoni mwa bakteria hao alikuwamo mmoja waliyempa jina la Mjumbe, ambaye kazi yake ilikuwa kuupelekea ubongo habari kwamba tumbo limejaa, ili mtu asile kupita kiasi.

Mjumbe huyo alikuwa amebadilika. Hakungoja chakula tena. Alipiga mbiu ya shibe saa zote, na ubongo ulimsadiki, kwa kuwa ulizoea kumsadiki. Tena alikuwa anaambukiza, kwa busu, kwa kijiko, kwa mkono wa mama unaofuta mdomo wa mwanawe.

Mchana Atuganile alipanda nyumbani kwake nyuma ya kituo, akapika ndizi kwa maziwa kama alivyopenda bintiye. Baba yake Lugano alikuwa Songwe kikazi, na barabara zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa, kwa hiyo walikuwa wawili tu mezani. Lugano alitimiza miaka minne msimu wa maharage uliopita. Alikuwa mtoto wa fujo, wa kuiba sukari na kulamba kifuniko cha mtindi. Sasa aliisukuma sahani taratibu mpaka katikati ya meza.

"Nimeshiba, mama."

"Umekula nini, mwanangu?"

Lugano alifikiri. Alifikiri kwa dhati, uso umekunjamana, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Sijui," akasema. "Lakini nimeshiba."

Atuganile aliinamisha kichwa ili mtoto asimwone uso. Hapo ndipo macho yake yalipoiangukia sahani yake mwenyewe. Ndizi zilikuwa zimepoa, utando wa maziwa umeganda juu. Hakuwa ameonja. Akajaribu kukumbuka jana alikula nini, na juzi je, asikumbuke. Tumbo lake lilikuwa kimya na la raha, kama nyumba ambayo watu wamehama.

2

Daktari Shemdolwa, mkuu wa kituo, alikuwa mwanamke wa Lushoto aliyekuja Tukuyu wakati wa Mkamuo na asirudi, kwa sababu hakubaki mtu wa kumrudia. Kabla ya kuja alikuwa amewazika mume na watoto kwa mikono yake, kwenye shimo la watu wengi. Hakuwa akilisimulia hilo, ila kila mtu alijua, na kila mtu aliona jinsi alivyonawa mikono.

"Ufagio upo," alisema. Hiyo ilikuwa dawa ya virusi wanaokula bakteria, wale wale waliotumika zamani. "Naweza kuwafagia watoto wote wa wodi leo hii. Halafu niwapande nini? Mbegu ya ghala letu ina Mjumbe yule yule. Ya Mbeya hivyo hivyo. Zote zimetoka chungu kimoja. Dodoma nimewaandikia, wanasema tungoje."

"Watoto hawangoji, Daktari."

"Najua kuwa hawangoji."

"Na tumbo lililofagiwa likaachwa tupu..."

"Ni shamba lililolimwa likaachwa bila kupandwa. Gugu la kwanza kufika ndilo litakalotawala. Unanifundisha kazi yangu?"

Atuganile hakurudi nyuma. Kisha akasema lile alilokuja kusema. "Ng'ambo ya Mbaka kuna watu ambao hawajapandwa. Matumbo yao ni yale ya asili, jamii kamili, iliyorithiwa mama kwa mama. Mdogo wangu Ikupa yuko huko."

Shemdolwa alisimama, akaenda kwenye karo, akafungua maji. Wale wa ng'ambo walikuwa vijiji vilivyoikataa Mbegu, na serikali ikawazungushia waya. Sheria ilikuwa fupi. Yeyote wa ng'ambo atakayekutwa upande huu afagiwe na kupandwa, atake asitake.

"Unajua kwa nini tuliweka ule waya?" aliuliza akiwa amempa mgongo. "Si kwa chuki. Mkamuo uliondoka kwetu. Kwao hatujui. Unaweza kulala ndani ya mtu mzima wa afya, miaka na miaka, akaubeba asijue." Akafunga maji. "Nitaandika kibali, umlete. Lakini atapimwa. Akikutwa na kijidudu cha Mkamuo nitamfagia mwenyewe, kwa mkono wangu huu, na wewe utanichukia mpaka ufe. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Mama Lugano, mimi naogopa. Sioni haya kukwambia. Nawaogopa hawa watoto wanaotabasamu, na lile lingine naliogopa zaidi."

3

Simu zilikuwa zinavuka mto, ingawa watu hawakuvuka. Hata hivyo Atuganile hakuwa amempigia mdogo wake tangu mama yao alipofariki huko ng'ambo. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa, akakubali kunyimwa. Ikupa hakumsamehe huko kukubali.

Usiku huo alimpigia kumwomba waonane, na asubuhi walikutana kwenye daraja la Mbaka. Mlinzi alisoma kibali, akarudi nyuma mpaka kwenye kibanda chake, akaziba pua na mdomo kwa kiganja. Ikupa alikuja amejifunga kanga kichwani, na viatu vya mvua vilivyopasuka. Alikuwa na mwili, mashavu yamejaa. Atuganile alishtuka kuona jinsi alivyosahau watu walivyo wakiwa wanakula.

"Umekonda, dada," Ikupa alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Mwanangu anakufa."

"Nilijua si mimi uliyenikumbuka."

Maji ya Mbaka yalikuwa yanavuma chini yao, mekundu kwa udongo. Atuganile alimweleza yote kwa maneno machache, bila kumficha: ugonjwa, ufagio, kilichohitajika kutoka kwake. Ikupa alisikiliza akiwa ameshika waya.

"Mlituita uchafu," akasema. "Redioni, kila siku, wasiopandwa ni uchafu. Leo mnataka choo changu."

"Ndiyo."

Ikupa nusura acheke. Halafu uso ukambadilika. "Nikivuka watanifagia?"

Hapo Atuganile angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. "Ukikutwa na kijidudu cha Mkamuo, daktari anasema atakufagia. Mimi nitamzuia, lakini sina hakika kama nitaweza."

"Nikifagiwa sirudi nyumbani. Wenzangu hawatanipokea na hiyo Mbegu yenu, na wana haki. Nina watoto, dada. Wa mwisho bado ananyonya." Alitazama nyuma yake, kwenye migomba iliyokuwa inachuruzika maji. "Huyo wako anaitwa nani?"

"Lugano."

Ikupa akainama, akapita chini ya kizuizi, haraka haraka, kama mtu anayeruka kwenye maji baridi kabla hajabadili nia.

4

Atuganile mwenyewe ndiye aliyekipima kinyesi cha mdogo wake, mlango wa maabara umefungwa.

Hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Mbegu aliyoizoea ilikuwa kama shamba la chai, kila kitu kwenye mstari wake. Hiki kilikuwa msitu. Mashine ilitaja majina, ikafika mahali ikasema haijui, ikaendelea kutaja. Walikuwamo wanaokula wanga wa ndizi mbichi, na wengine wanaokula mabaki ya hao, na wengine wanaowalinda wote kwa asidi wanayotoa. Kila mmoja alimshikilia mwenzake. Machozi yalimlengalenga Atuganile kwa furaha.

Kisha mashine ikaandika jina jingine, na taa ndogo nyekundu ikawaka.

Kijidudu cha Mkamuo kilikuwamo. Kilikuwa kichache sana, kimebanwa pembeni na wenzake, hakina chakula wala nafasi. Ndiyo maana Ikupa alikuwa mzima. Msitu wote ulikuwa umemkalia yule nyoka. Lakini ukiuhamisha msitu, lazima umhamishe naye, na kama nusu ya miti itashindwa kushika mizizi kwenye tumbo jipya, nyoka atakuwa huru. Ndani ya mtoto wake. Na kutoka kwa mtoto wake kwenda mji mzima, ambao Mbegu yake sasa ilikuwa mgonjwa na haiwezi kufukuza chochote.

Kitufe cha kufuta matokeo kilikuwa karibu na kidole gumba chake. Alikitazama. Alimwona Lugano akilamba kifuniko cha mtindi. Akawaona pia watu wa Mkamuo, aliokuwa amewaona kwa macho yake akiwa msichana, jinsi walivyolala barabarani macho yameingia ndani na ngozi imesinyaa kama ya vidole vilivyokaa majini. Kidole kilikaa pale. Hatimaye aliuondoa mkono kwa nguvu, kana kwamba si wake, akaenda kumwambia Ikupa kwanza.

Ikupa aliweka mkono tumboni. "Nimenyonyesha nacho," alinong'ona. "Nimepika nacho."

"Na watoto wako ni wazima, kwa sababu umewapa na vingine vyote."

"Sasa mtanifagia."

"Twende kwa daktari. Sote wawili."

Shemdolwa alisoma karatasi ya mashine akiwa amesimama, na rangi ikamtoka usoni. Alivuta droo, akatoa chupa ya ufagio, akaiweka mezani. Mkono wake ulibaki juu ya chupa.

"Daktari, kile chumba cha karantini cha enzi za Mkamuo bado kipo," Atuganile alisema. Maneno yalimtoka mbio. "Tuweke humo. Mimi, Ikupa, Lugano. Choo chetu kitiwe dawa na kuchomwa, maji yetu yachemshwe, kitu chochote kisitoke. Nitaanza mimi mwenyewe, maana Mjumbe ninaye. Nikipona, nimpande mtoto. Ukiuona Mkamuo umeanza, usifungue."

"Unajua unachosema?"

"Najua."

"Ukimfagia huyu," Atuganile aliongeza, akimwonyesha mdogo wake, "utakuwa umechoma ghala la mwisho, Daktari."

Shemdolwa aliangalia dirisha lililotazamana na wodi. Nyuma ya kioo Ambokile alikuwa amepiga magoti mbele ya Gwamaka, akijifanya kijiko ni lori, akiunguruma kwa mdomo. Mtoto alimtazama baba yake kwa upole, mdomo umefungwa.

"Nitafunga kwa nje," Shemdolwa alisema mwishowe. "Na sitafungua kwa sababu mtu anagonga."

5

Ufagio ulimwacha Atuganile mtupu na dhaifu. Alipandwa kutoka kwa mdogo wake kwa mpira mwembamba, akalala ubavu, akangoja. Ikupa alikuwa amepewa jiko na mfuko wa vyakula, na ndiye aliyewalisha wageni wale waliohamia tumboni mwa dada yake: uji wa ndizi mbichi, maharage yaliyosagwa na maganda yake, mtindi, kimea cha ulezi. Atuganile alivimeza kwa kujilazimisha, kwa kuwa ni bakteria waliohitaji kula, wala si yeye. Akahara, akatetemeka, akapata nafuu. Asubuhi moja Ikupa alikaanga vitunguu, na tumbo la Atuganile likanguruma. Alikuwa ameisahau sauti ile. Aliinuka akala kwa mikono miwili, analia, mafuta yanamchuruzika kidevuni, na hakuona haya.

"Sasa mtoto," akasema.

Lugano alikuwa mwepesi kama fungu la majani makavu. Hakukataa chochote. Alifagiwa, akapandwa, akapitishiwa uji wa ndizi kwa mpira wa puani, na alipoulizwa kama anaumwa alitikisa kichwa na kutabasamu. Kisha, walipoanza kupata matumaini, joto la mwili likampanda.

Halafu akaanza kuhara maji meupe kama maji ya kuoshea mchele.

Atuganile aliyajua maji yale. Kila mtu wa umri wake aliyajua. Aliukimbilia mlango, akaugonga kwa viganja vyote viwili. "Daktari! Anahitaji dripu! Daktari!"

Kwenye kioo kidogo cha mlango uso wa Shemdolwa ulitokea. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Dripu zimo kabatini, nilizipanga mwenyewe. Mtundike." Sauti yake ilipita kwenye kipaza sauti ikikwaruza. "Mlango sifungui."

"Ni mtoto wangu!"

"Nilikuwa na wangu," Shemdolwa alisema, na asiondoke pale kiooni.

Atuganile alitafuta mshipa kwenye mkono ule mdogo, akaukosa, akautafuta tena. Ikupa alishika mguu wa mtoto. Sindano ilipoingia, wote wawili walipumua kwa pamoja. Kisha wakaanza kazi ya kubadilisha nguo, kumpangusa, kutia dawa kwenye ndoo, na kumpitishia uji kidogo kidogo kwenye mpira.

"Acha kumpa uji," Ikupa alilia. "Unamtoka wote!"

"Nikiacha, wale wazuri watakufa, atabaki yule peke yake. Lete mwingine."

"Dada, unamuua."

"Lete mwingine, Ikupa."

Hakuwa na hakika. Hilo ndilo lililomla moyo kuliko vyote. Kila kijiko alichokipitisha huenda kilikuwa kinawalisha walinzi, na huenda kilikuwa kinamlisha nyoka, na hakuwa na njia ya kujua ni nani anayeshiba mle gizani. Macho ya Lugano yalianza kuingia ndani. Mvua ilinyamaza kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na katika kimya kile walimsikia akipumua, kifupi kifupi. Ikupa alimpakata, akamlaza juu ya tumbo lake kama anayetaka kumrudisha mahali salama. Atuganile alikaa sakafuni, akakishika kisigino cha mtoto, akaogopa kuomba dua, asije akajibiwa.

Jua lilikuwa limeanza kugusa kioo cha mlango mtoto alipojipinda mwili, akafungua mdomo, akatoa sauti. Ilikuwa sauti mbaya, kavu, ya hasira. Atuganile alidhani ndiyo ya mwisho.

"Njaa!" Lugano alipiga kelele. "Mama, njaa! Inauma!"

Akauma kidole cha mama yake mdogo. Akalia kwa nguvu zote alizobaki nazo, kilio kikapita mlangoni, kikapita ukumbini, kikaingia kwenye wodi iliyokuwa kimya muda wote ule. Ikupa alikuwa anacheka na kulia, damu inamtoka kidoleni. "Mpe! Mpe basi! Unaangalia nini?"

6

Baada ya siku kadhaa Shemdolwa alikuja kwenye kioo na karatasi ya vipimo. Alikuwa amezeeka.

"Msitu umeshika," alisema. "Lakini na kile kimo. Kichache, kimebanwa, kama kwa mdogo wako. Kwa sheria yetu, Lugano sasa ni mtu wa ng'ambo. Na wewe pia."

Atuganile alimtazama bintiye, aliyekuwa ameketi sakafuni na bakuli la maharage, anagombana na mama yake mdogo juu ya kijiko. "Nilitarajia."

"Kuna jambo jingine. Wazazi walisikia kile kilio. Wako hapa ukumbini na watoto wao. Watoto wengine wawili walikufa jana." Shemdolwa alisogea karibu na kioo, akashusha sauti. "Nimefikiri sana. Waambie habari ya njaa tu. Hiyo nyingine usiitaje. Wakisikia neno Mkamuo watakimbia, na watoto watakufa wakitabasamu. Tuwaponye kwanza. Tutawaambia baadaye."

Atuganile hakuamini masikio yake. "Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi ndiye. Nimekaa nje ya mlango huu nikimsikiliza mtoto wako. Sikuwa nimesikia mtoto akiomba chakula tangu... Nimechoka kuogopa, hata pale hofu inapokuwa na haki, mama Lugano."

Ilikuwa njia rahisi, na ilikuwa na huruma ndani yake. Atuganile alikiona tena akilini kile kitufe cha maabara, na kidole chake juu yake. Angewapokea watoto wote. Wangepona, wengi wao. Kisha siku moja mmoja angeugua tumbo kwa jambo lingine, apewe dawa kali, msitu ukatike ndani yake, na baba yake asijue ni nini kilichoachiliwa.

"Washa spika ya ukumbini," akasema.

Shemdolwa akawasha.

"Ndugu zangu, ni mama Lugano," Atuganile alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka ukumbini, nyembamba. "Mwanangu anakula. Anaomba chakula, mmemsikia. Alichopandwa kimetoka kwa mdogo wangu wa ng'ambo. Ndani yake kuna kijidudu cha Mkamuo."

Mtu aliguna. Kiti kiliburuzwa.

"Hakimdhuru kwa sababu wenzake wamekizuia. Wakilishwa vizuri kila siku, nadhani wataendelea kukizuia. Nasema nadhani. Alikaribia kufa katikati, na mwingine anaweza kufa. Atakayeingia humu haruhusiwi kutoka, na sijui tutatoka lini, na tukitoka hatutarudi majumbani kwetu. Mzazi ataingia pamoja na mtoto wake. Sitaki mtu aingie bila kujua."

Kupitia kioo aliwaona wakitawanyika. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa shuka, akaondoka mbio, bega likigonga mlango. Mzee mmoja alitema mate sakafuni. Wengine walirudi nyuma mpaka ukutani, wamewakumbatia watoto wao watulivu, wakimtazama Atuganile kama mtu aliyewaonyesha maji ya kunywa kisha akatia sumu.

Ambokile hakusogea. Alikuwa amempakata Gwamaka, na miguu ya mtoto ilining'inia kama ya mwanasesere.

"Mama Lugano," aliita. "Ulipokuwa humo ndani, uliogopa?"

"Sijaacha kuogopa, baba Gwamaka."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepata jibu alilolihitaji. Akamkabidhi mlinzi wa kituo funguo za lori. Akavua viatu vyake vya mvua, akavipanga vizuri ukutani, ncha zikitazama nje, kisha akafikiri, akavigeuza vitazame ndani.

Shemdolwa alifungua mlango. Ikupa alisogeza godoro kumpisha mgeni. Ambokile alivuka kizingiti na miguu mitupu, amefumba macho, amembana mwanawe kifuani, na nyuma yake Atuganile aliusikia ufunguo ukitetemeka ndani ya kitasa kabla haujazunguka.